Geti Lisilochoka

3 Machi

Na jingine, Kaka, ambalo hukunipa nafasi ya kulisema kabla hujakata simu: mume wangu si mwongo.

Hujambo lakini? Mgongo uliokuzuia kuja harusini umepoa? Sisi wazima. Wiki tano za ndoa, na bado nikisikia viatu vyake ngazini moyo unaruka. Asubuhi alikuwa ananichania nywele huku akipiga mluzi. Tangu umfukuze kazi mbele ya mafundi wenzake, mluzi umekwisha. Unasema saketi yake ya pampu inafanya kazi kwenye kompyuta tu. Basi nitumie faili. Hasira ninazo, na muda ninao.

Dada yako

7 Machi

Dada mdogo,

Salamu nimepokea. Mgongo unanivumilia. Faili hili hapa, litazame mpaka macho yakuume. Kwenye programu ya kompyuta geti, kile kisehemu cha chipu kinachoamua ndiyo au hapana, linatoa ndiyo, pampu inawaka. Tumeiunda vilevile mezani kwa vifaa halisi, pampu haikuwaka, chipu ikaungua mbele ya mteja. Mumeo ana sura nzuri, sikatai, lakini sura haiwashi pampu. Mapenzi yamekuziba macho.

Kaka yako

12 Machi

Kaka,

Nakusalimu kwa sababu Mama alinifunza. Afya yako nitaiulizia chini.

Tumelifungua faili pamoja, mimi nimekalia mkono wa kiti chake, na sioni haya kusema nilimpenda upya. Kanieleza polepole. Programu ile ni ya volti zinazopanda na kushuka, haikuzaliwa na mambo ya ndiyo na hapana. Geti la tayari linalokuja na programu ni la kuigiza tu: ulitwishe mzigo wowote, linabeba, halichoki. Chipu halisi inachoka. Ndiyo maana yeye alitengeneza geti lake mwenyewe, akaliandikia uchovu wote wa chipu, kisha kati ya geti na pampu akaweka transista, kiswichi kidogo cha umeme, ibebe ule mzigo wa kuwasha pampu.

Sasa katika faili ulilonitumia, geti la mume wangu halimo. Transista haimo. Kuna geti la tayari, limeunganishwa moja kwa moja. Mtu alitaka kupunguza vifaa, akaona kwenye kioo cha kompyuta pampu bado inawaka, akaridhika.

Faili lilihifadhiwa mara ya mwisho siku ya harusi yetu, saa nne asubuhi. Mafundi wako wote walikuwa kwetu wanacheza. Sasa ndiyo nakuuliza: mgongo wako siku hiyo ulikuwa kitandani, au kwenye kiti cha ofisi?

Dada yako

17 Machi

Dada,

Natumai u mzima. Programu ilikuwa inakwama na geti lake, nikaweka la tayari. Transista niliona haina kazi. Sikujua. Mwambie arudi Jumatatu, hayo mengine tusiyafukue. Mgongo sasa unauma kweli.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Pole ya mgongo, safari hii nakuamini.

Lakini mwongo ulimwita kwa sauti, halafu kumsafisha unamsafisha kwa barua, tena kupitia kwangu. Jumatatu harudi. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja wawili, saa ya chai, mafundi wote wakiwepo, na utawaambia nani alibadilisha geti. Mimi nitavaa gauni langu la harusi, maana hukuliona.

Dada yako