Wimbo Uliokuita Martina

Martina, mama wa watoto wangu,

Jumamosi tumemwoza Katarina, binti wa Paskali wetu. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Wenye kusoma wavumilie. Shule niliiacha kabla haijanimaliza.

Unakumbuka tukiwa Mang'ola kwenye vitunguu, kijana mwenye redio nikiwa mimi peke yangu? Betri zikichoka ulizianika juani kama mahindi. Ndipo ukaja ule wimbo wa Kikongo. Lugha hatuijui, lakini pale mwimbaji anapovuta sauti nikakuambia, "Sikia, anakuita Martina."

Ukasema, "Muongo wewe. Kanijulia wapi?" Ila kila wimbo ulipopigwa ulisimamisha jembe. Mwaka wa ukame tukasema anatuambia tuvumilie. Paskali alipozaliwa, tukasema anatupongeza. Wimbo ni uleule.

Sasa pale ukumbini Karatu mshereheshaji akakataa kuupiga. Ni kijana anayezungusha wageni kule Ngorongoro, kwa hiyo anajiona anajua lugha zote.

"Mzee, nimemuuliza Mkongo kabisa. Huyu mwimbaji anamlilia kaka yake aliyekufa. Utatuletea nuksi."

Paskali naye akanivuta koti. "Baba, kaa chini, watu wanatazama."

Nikae mimi? Siku hizi wote wanakuita marehemu. Jina lako nalisikia kwenye wimbo ule tu. Nikamwambia kijana, "Huyo Mkongo anajua maneno. Mimi nimeishi na wimbo wenyewe. Ukishatoka redioni, wimbo ni wa mwenye masikio." Nikasimama katikati ya ukumbi, na unajua nikisimama hata trekta halinisogezi. Chakula kikaanza kupoa. Akaupiga.

Katarina akaja na shela lake akanishika mkono. Nilicheza, Martina, vijana wakabaki kushika viuno. Mwimbaji alipovuta sauti nikamwinamia, "Umesikia? Martina."

Akatega sikio. "Hapana, Akoo. Anasema Katarina."

"Anasema Martina tangu baba yako hajazaliwa."

"Basi masikio yako yamezeeka, babu yangu. Katarina huyo."

Nikabisha, akabisha, kichwa amechukua chako. Nikataka kumkatalia kabisa, halafu nikamtazama anavyocheka. Nikasikiliza upya.

Ni kweli, mama. Anasema Katarina.

Pumzika, huku hatujambo.

Mume wako yuleyule,
Baba Paskali