Klachi Niliyokusamehe

Mfaume, ndugu yangu,

Nakutolea salamu kama tunavyowatolea watu wa makaburini, japo jibu silitegemei. Ukinijibu nitatimua mbio, wanijua. Leo ni siku ya thelathini na tatu tangu tukuzike, na nina neno lisilongoja hadi tukutane.

Lile lori limeteleza klachi tena.

Juzi nililitoa Njinjo mwenyewe, limejaa magunia ya ufuta, maana dereva aliyepewa nafasi yako anaumwa. Kwenye kile kilima kabla ya mto, injini ikapiga kelele na lori likabaki linajikokota. Nikasikia harufu ile ile, kama ya kwato iliyotupwa motoni. Nilipofika penye tambarare nikasimama, nikavuta breki ya mkono, nikatia gia ya juu kabisa, nikaachia klachi taratibu. Klachi nzima ingeizima injini papo hapo. Hii ikaendelea kunguruma tu.

Mara ya kwanza lilipofanya hivi, dereva ulikuwa wewe. Nikaitwa kulitazama, nikasema mbele ya tajiri mwenye lori, "Mfaume analaza mguu kwenye klachi." Ni kweli madereva wengi hulaza mguu, na pleti ya klachi huisha kwa ujinga huo. Lakini wewe? Wewe uliyekuwa ukivua kiatu cha kushoto kila tulipoondoka Somanga, ili uisikie klachi kwa unyayo? Ulinivuta kando ukaniambia, "Selemani, mguu wangu naujua. Hebu tazama nyuma ya injini." Nikakujibu, "Fundi nani hapa?" Kiburi, Mfaume. Nilikuwa na kiburi cha kujaza lori zima.

Nilipoishusha giaboksi, pleti ilikuwa imelowa. Niliiona kwa macho yangu. Nikajiambia ni grisi ya mikononi mwangu tu, maana tajiri alikuwa amesimama pembeni, analitaka lori lake kabla boma la wilaya halijafunga barabara kwa mvua. Nikaifuta kwa petroli, nikamwonyesha ilivyoungua, nikatia mpya. Wewe ukaondolewa kwenye usukani, ukawekwa kulinda ghala la korosho, na hukuendesha tena hadi homa ilipokuchukua.

Siku ya maziko, kabla hatujakubeba, kaka yako aliuliza kama ilivyo ada: mwenye neno na marehemu alitoe, au amsamehe. Nikasimama. Nikasema, "Mimi nimemsamehe ile klachi." Watu wakanisifu kwa moyo mwema! Tuliporudi kutoka makaburini, mtani wako mmoja akavua kiatu kimoja, akakaa juu ya kinu, akakanyaga klachi isiyokuwapo, kisha akajifanya amelala na mguu pale pale. Tulicheka hadi machozi. Mkeo, Bi Zuhura, alikuwa ndani anasikia yote.

Jana nimeishusha giaboksi tena, bila haraka. Nilipitisha kidole nyuma ya injini, kikatoka na oili. Inavuja pale, tone kwa tone, hadi kwenye pleti. Na mguu wangu mimi haulali kwenye klachi. Ulikuwa ukinicheka kwamba naikanyaga kama naogopa nge. Basi ni oili. Ilikuwa oili tangu mwanzo, na uliniambia nitazame.

Nililia chini ya lori, Mfaume, wala sikujali nani ananiona. Nilikusamehe kosa langu mwenyewe, mbele ya watu, na wewe umelala kwenye jeneza huwezi kukataa.

Nilikwenda kwa Bi Zuhura. Yuko edani, tulizungumza kwa pazia. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Shemeji, hilo ulilisema uwanjani mbele za watu. Usije kuniomba radhi chumbani." Nikaaga nikatoka. Mkeo ana akili kutushinda sote wawili.

Arobaini yako ni wiki ijayo. Kaka yako, tajiri, watani, wote watakuwapo. Nakuahidi nitasimama pale pale niliposimama siku ile, niseme kwamba dereva hakuwa na kosa, na fundi aliona akanyamaza. Huenda tajiri asinipe kazi tena. Watani wataniigiza mimi, na wana haki yao. Msamaha wenyewe sijui nitauomba kwa nani, maana mwenye kuutoa ni wewe.

Kwaheri, ndugu yangu. Mola akupanulie kaburi, asikubane kama tulivyokubana sisi. Pleti nimeifunga kwenye gunia, na nitakuja nayo mkononi. Safari hii sijaifuta.

Fundi wako,
Selemani