Mpunga wa Juu ya Mafiga

Mbuchi, Kibiti

Mama yangu,

Shikamoo. Na wewe Zuhura, msomee bibi yako polepole. Ukifika mahali akanyamaza, msubiri kidogo ndipo uendelee.

Mama, mguu unasemaje na baridi hiyo ya milimani? Bado unaukanda kwa mafuta ya nazi? Mimi mwili hauumwi, alhamdulillahi. Nalala, naamka. Juzi kwenye simu ulikuwa hunisikii, nami mambo haya siwezi kuyapigia kelele, ndiyo maana nimeandika.

Kwanza nikueleze mazishi ya mke wangu, maana mguu ulikuzuia kuja. Mwajuma alizikwa vizuri. Watu wa Salale walichelewa kwa kuwa walisubiri maji yajae ndipo boti ipite, nao walikuja wengi kuliko tulivyotazamia. Mchele wa matanga ukawa umekwisha. Jirani yetu Bi Siwema akatazama juu ya mafiga, akaona kapu la Mwajuma limejaa mpunga. Akasema, "Marehemu hakuwa mchoyo. Teremsheni, tutwange." Mimi nilikuwa nje kwenye jamvi na wanaume. Nikasikia kinu, nikashukuru kwamba nina majirani.

Wali ulipoletwa, mzee mmoja wa Salale akaunusa. "Unanukia moshi huu! Mwajuma anatuaga kwa jiko lake mwenyewe." Tukacheka. Hata mimi nilicheka, mama, na nilikula.

Kumbe ile ilikuwa mbegu.

Mwajuma alikuwa akiitundika pale ili moshi ufukuze wadudu. Ni mbegu ya mama yake, mpunga mrefu unaovumilia maji ya chumvi yanayopanda shambani. Wakati wa kuchagua masuke alikuwa hataki nimsaidie. "Wewe una mikono tu, macho huna," alikuwa akiniambia, nami nikamwachia. Majirani wengi waliacha mbegu hiyo zamani kwa sababu inachelewa kukomaa. Bi Siwema mbegu yake hutoka dukani, ndani ya mfuko. Amesahau kwamba kapu la juu ya mafiga haliguswi. Alipojua, alikuja akakaa mlangoni analia. "Shemeji, nimewalisha watu shamba lako." Nikamwambia, "Umewalisha wageni wangu. Nyamaza."

Nimezunguka kwa watu huku na Salale nikiulizia. Hakuna aliyebaki nayo.

Baadaye bibi shamba alituita ofisi ya kijiji. Ni binti mdogo, makamo ya Zuhura. Akatueleza kwamba tukijisajili tutapata mbolea na mbegu bora kwa bei ya ruzuku. Kibwana, yule mvuvi wa kamba asiyeweza kukaa kimya, akadakia, "Mbolea tunaletewa na mto, bibie. Hiyo chumvi ndiyo utupunguzie." Watu wakaangua kicheko. Yule binti pia alicheka, lakini niliona ameona haya.

Walipotoka nikamuuliza kama ipo mbegu ya maji ya chumvi.

"Baba yangu, kwenye hizi ninazoletewa haimo. Labda baadaye."

"Baadaye lini, mwanangu?"

"Sijui. Mimi naletewa, nagawa. Kwetu Iringa tunalima mahindi."

Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope. Nilimwonea huruma, nikajisajili, nikachukua mfuko wangu. Nikajaribu kipande kidogo cha shamba. Miche ikatoka mizuri, mifupi, ya kijani. Maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, yakaja na chumvi yake, na yalipotoka majani yote yalikuwa kama yamebabuliwa na moto. Nilikaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu Mwajuma alichokuwa akifukuzia ndege, nikayatazama tu.

Sisemi ubaya, mama. Hao wanaotupangia wanatutakia heri. Lakini naona wakulima kama sisi tutakwisha kimyakimya. Hakuna atakayetufukuza. Tutakosa tu cha kupanda.

Kaka Omari anasema niache, nirudi nyumbani. Sijui nimjibu nini. Kaburi liko huku.

Nisalimie yeye na shemeji, na shangazi msuka mikeka, na mwalimu wangu wa madrasa kama bado anatoka nje kuota jua.

Mama, nina ombi moja. Mwaka jana baada ya mavuno Mwajuma alikuja kukusalimia, akakuletea mpunga ameufunga kwenye khanga yake kuukuu. Wewe ukasema utauweka mpaka tuje sote. Akakucheka, "Upike, mama, si wa kutazama huo." Kama bado upo, tafadhali usiutwange. Mpe Omari aulete kabla mvua hazijakatika. Hata ukiwa wa kujaza viganja tu, nitaupanda.

Na kama mmeshaula, usisikitike. Alikuletea mle. Niambie tu kama ulikuwa mtamu.

Mwanao,
Athumani