Dakika Nne za Kengele

Jumatatu, 3 Novemba

Uji. Vidonge saba. Ndege zinapita juu ya paa kwenda kutua Heathrow, moja ikizama nyingine inatokea. Mama Furaha amenibadilisha shuka. Ni Mkongo wa Bukavu, analipwa kunihudumia, anakuja asubuhi na alasiri. Ananiita Papa ingawa naye ana wajukuu.

Saa tisa alasiri kengele imelia tena. Nikasimama. Magoti yakakataa, nikajikuta nimening'inia kwenye pazia.

"Papa, unaenda wapi?"

"Kupiga kura."

Alicheka mpaka akakaa kitandani. "Kura gani? Hata choo haufike bila miye!"

Yeye hakusikia kengele. Hapa Hayes, London, hakuna mwingine anayeisikia.

Jumatano, 5 Novemba

Binti yangu Rehema, ninayeishi kwake, ana furaha. Bunge la jimbo, kule Australia, linarekodi kumbukumbu za wabunge wa zamani. Maktaba yao itanihoji kwa video Alhamisi ya wiki ijayo. Ameshapiga pasi koti la bluu. Mimi, mtoto wa Korogwe aliyekwenda kusomea kilimo, akaoa huko, akafundisha, akachaguliwa mara nne, akawa waziri. Rehema anaijua hadithi hii kama sala.

Mji wetu wa ngano kule una ukumbi wenye jina langu. Mjukuu aliutafuta kwenye simu akanionyesha. Akasema kwa Kiingereza kwamba babu ni mtu mkubwa.

Nikamwambia azime simu.

Ijumaa, 7 Novemba

Daktari. Moyo umechoka, maji yanapanda mapafuni. Nilimuuliza kama nitafika Krismasi. Akaangalia kompyuta yake.

Rehema alilia ndani ya gari. Mimi nilikuwa namuwaza Joan.

Jumamosi, 8 Novemba

Niandike, nisizikwe nayo.

Bungeni tulikuwa na desturi ya jozi. Mbunge wa upande mmoja akipata udhuru, mmoja wa upande wa pili anakaa nje wakati wa kura, ili udhuru wa mtu usiamue sheria. Haimo katika kanuni yoyote. Ni neno lako tu. Kawaida wanadhimu, wasimamizi wa kura wa kila chama, huandika nani ni jozi ya nani. Siku ile hapakuwa na muda.

Joan alikuwa mpinzani wangu wa miaka mingi. Alinikuta kwenye ngazi. Hospitali imempigia, mume wake anakata roho. Muswada wa kufunga wodi za wazazi katika hospitali ndogo unapigiwa kura alasiri. Akaniuliza kama nitakuwa jozi yake. Nikampa mkono. Nikamwambia nenda. Tulikuwa wawili tu.

Nikaenda kukaa maktaba, kiti cha dirishani. Saa tisa kengele ikalia. Hulia dakika nne, kisha milango ya ukumbi hufungwa. Dakika ya tatu mnadhimu wa chama changu akachungulia. Akasema kiti cha waziri hakikaliwi maktaba.

Nikasimama.

Muswada ulipita kwa kura moja, yangu. Wapinzani, ambao Joan aliwaachia ujumbe akiondoka, wakapiga kelele kwamba mimi nilikuwa jozi ya Joan. Nikainuka nikasema hakuna jozi. Nilisema kwa utulivu. Nilikuwa na sauti nzuri siku hizo.

Uwaziri niliupata.

Jumapili, 9 Novemba

Sikumaliza jana.

Chama cha Joan kilimwona mzembe, aliyeondoka bila kupanga. Uchaguzi uliofuata hakikumsimamisha. Mwanamke mmoja wa mji wetu alijifungulia kando ya barabara, njiani kwenda hospitali ya mbali. Mtoto hakulia. Nilikwenda mazishini kama waziri. Nilipeleka maua.

Hilo nililibeba. Wanasiasa tunajua kubeba. Lisilobebeka ni barua.

Joan aliniandikia baada ya miezi sita. Aliandika kwamba siku zile za kuuguza hazikuwa za akili timamu. Kwamba amelipitia jambo lile mara nyingi na sasa anadhani aliota. Aliniomba radhi kwa kuniita mwongo.

Nilimjibu kwa kadi. Yamekwisha, usijali.

Nilimsamehe. Mimi, yeye.

Barua ipo kwenye mkebe wa biskuti, chini ya kitanda. Imevuka bahari pamoja nami. Ellen, mke wangu, alikufa bila kuiona.

Jumanne, 11 Novemba

Kengele mara mbili leo. Mara ya pili nilianguka. Mama Furaha alininyanyua kwa mikono yake miwili, hakucheka safari hii. "Papa, huyo anayekuita, mwambie akuje yeye."

Jioni nilimweleza Rehema. Nikampa barua.

Aliisoma amesimama. "Baba, wameshasahau wote. Alhamisi waambie ya kilimo, ya shule. Inatosha."

"Joan hajasahau."

"Ana miaka tisini na moja!"

"Ndiyo maana."

"Na hawa wanangu? Na ukumbi?"

"Wang'oe kibao."

Akaenda jikoni. Vyombo vilipiga kelele nusu saa. Kisha akarudi na chai ya tangawizi, na namba ya simu. Joan yuko nyumba ya wazee, karibu na bahari. Rehema aliipata kwa kupiga simu sehemu tatu. Aliweka karatasi mezani bila kunitazama.

Jumatano, 12 Novemba

Nimepiga saa tatu asubuhi. Kule jioni. Muuguzi akamshikia simu.

Nilisema yote. Ngazi, mkono, kiti cha dirishani, mnadhimu. Sikusema nilikuwa kijana, sikuwa. Sikutaja maradhi yangu. Nilisema ulikuwa sahihi, na mimi nilijua, na nilijua siku niliyokuandikia kadi.

Nilisikia televisheni ya mtu mwingine.

Kisha akasema, taratibu, "Kwa hiyo akili yangu ilikuwa nzima."

Nikasema ndiyo.

"Miaka yote hii sikuiamini tena. Hata kwenye mambo madogo. Nilikuwa nawauliza watoto kama nimefunga mlango."

Akamwomba muuguzi amchukulie simu. Hakusema amenisamehe. Sikumwomba.

Nimelala mchana kutwa. Sijala.

Alhamisi, 13 Novemba

Koti la bluu limekuwa kubwa. Mama Furaha alilibana mgongoni kwa pini. Rehema alikaa kando yangu, nje ya picha.

Binti wa maktaba aliuliza nianzie wapi. Nikaanzia ngazini. Baada ya muda aliacha kuandika, akawa ananitazama tu. Nilimsomea barua neno kwa neno, na nilichojibu. Rehema alinishika kiwiko, hakuachia. Tukamaliza. Yule wa maktaba akauliza kama kuna lolote ningependa lifutwe. Nikasema hapana.

Mvua. Rehema amerudi kazini. Mama Furaha anamenya viazi jikoni, anaimba za kanisani kwao.

Saa tisa kengele imelia. Nilikuwa kwenye kiti cha dirishani. Nikashika mikono ya kiti. Imelia dakika zake zote nne, halafu milango ikafungwa, niliisikia.

Nilikuwa bado nimekaa.