Maana Kumi na Tisa kwa Siku Moja

Mwalimu wangu Goretti,

Tangu tukuzike sijakuandikia, kwa sababu kila nikishika kalamu nalia. Leo silii. Leo nina hasira.

Darasa lako la Kiingereza la akina mama hapa kambini Misiera limepewa kijana aliyesomea Mbarara. Jumanne alikuja na kamusi nene, akaandika "take" ubaoni, kisha akapanga maana zake zote. Kumi na tisa, Mwalimu! Mama Béatrice, yule muuza nyanya, akanyoosha mkono: "Mingi hivi? Sasa miye kwa munganga nitatumia gani?" Mtoto wake ana kifua, na daktari mgeni hajui Kiswahili. Kijana akacheka. "Mama, hata mtoto wa P2, darasa la pili, anajua hiyo." Mama Béatrice akafunga daftari, akatoka. Alhamisi walikuja watatu tu.

Wewe hukufundisha hivyo. "Run" ilituchukua wiki nzima. Maana ya miguu, tulikimbia uwanja wa kanisa mpaka kitenge cha Mama Béatrice kikafunguka. Ya maji tuliifuata bombani. Ya kuendesha duka, kwa Msomali. Akina mama walipolalamika kwamba Kiingereza ni fujo, ulisema, "Na sisi je? Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha. Nani aliumia?"

Jumanne nilikuwa palepale, mbele. Sikusema neno. Najikasirikia. Nawe pia nimekukasirikia! Nilipomaliza sekondari, S4, nikawa msaidizi wako, uliniambia, "Wewe andika ubaoni, kuongea niachie mimi." Sasa nimwachie nani?

Jana nilikwenda kwenye meza ya Mama Béatrice sokoni na pakiti tupu ya vidonge, kikombe cha maji na mahindi ya kuchemsha. Nikamwambia, leo maana moja tu. "Take two": anachukua punje mbili, anameza. "Take one": moja, anameza. Jirani yake, muuza dagaa, akasogeza kigoda, naye akameza.

Asubuhi hii Mama Béatrice alitoka kliniki ya Base Camp, akaanza kuniita akiwa bado mbali: "Odette! Nimesikia! Mbili asubuhi, moja jioni!" Watu wote wakageuka. Nilitaka kujificha, lakini sikujificha.

Jumanne ijayo nitasimama mbele ya yule kijana, nimwambie afute ubao, abakishe maana moja. Nitaogopa, najua. Nitasema hivyo hivyo.

Pumzika, Mwalimu. Kuongea niachie mimi.

Odette wako