Akordeo ya Mwami

Mjukuu wangu Neema,

Huku Durban tuko wazima. Mama yako bado anasuka nywele saluni, anakusalimu sana. Umeuliza kwa nini mimi mlokole napiga akordeo kwenye misa za Wakatoliki.

Mwami wetu, mtawala wa jadi kule nyumbani, ndiye aliyenifundisha, akinishika vidole. Wasia wake ulisema ngoma wapewe wanawe, padri apewe pesa za misa za kumwombea, nami nipewe akordeo nimpigie kwenye misa hizo. Akordeo nilichukua. Kupiga nikakataa: "Nimeokoka, siombei wafu." Mjane wake akaniambia, "Basi piga hapa inje ya kanisa, atakusikia." Nikakataa pia.

Sasa nawapigia wafu wa wengine. Watu wakinishukuru, nainamisha kichwa. Wanadhani ni unyenyekevu.

Babu yako