Meza Iliyotolewa kwa Ajili Yangu

Jumanne, 4 Machi

Pikipiki imetukosakosa leo! Nimetoka kwenye kibanda cha fundi cherehani, Kidoti mgongoni, njia ya miguu imezibwa na meza — nikashuka barabarani. Vuuu! Upepo umenipita shavuni. Mwanangu anacheka tu, maskini, kadhani mchezo.

Nikatoa simu papo hapo nikapiga video. Meza, watu wanashuka barabarani, magari. Nikaandika: Baraza la mji, watoto wetu wapite wapi? Nikairusha kwa ile akaunti yangu isiyo na jina. Nataka watuwekee matuta basi, hizi pikipiki zipunguze mwendo.

Jumatano, 5 Machi

Jamani! Video imefika mbali. Laiki zinapanda huku natazama, maziwa ya mtoto yakamwagikia jiko. Hata baraza la mji wameibandika kwenye ukurasa wao: "Tumesikia kilio chenu." Kilio changu! Mtu wa darasa la saba!

Baba Kidoti anauliza kama mheshimiwa diwani atapika leo au atume msaidizi. Nimecheka hadi machozi.

Kuna komenti kali. Ng'oeni vibanda vyote. Sikuzijibu. Maneno ya watu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Alama nyekundu. X kubwa mlangoni kwa fundi, rangi bado inachuruzika.

Afisa mipango wa baraza kamwambia wananchi wamelalamika mtandaoni, kibanda kinaondolewa, njia inapanuliwa. Matuta hakuna aliyeyataja. Fundi akamuuliza, wananchi gani, baba, mbona hapa hajaja mtu kuniambia nisogee? Afisa akainua simu yake kwa mbali: hawa wote, mama. Kikao cha kupitisha ni Jumatano, mwenye la kusema aje.

Sasa niandike lile ambalo Jumanne nililiruka.

Ile meza haikai njiani. Inakaa ndani, siku zote. Jumanne Kidoti alikuwa analia njaa, jua linachoma, na mle ndani hapana nafasi ya watu wawili na meza. Fundi akaiburuta nje mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu. "Ingia ukae, mwanangu, umnyonyeshe kwa raha. Hao wa nje watanisamehe." Akanipa na mto.

Mtoto akashiba. Nikatoka. Nikapiga video.

Nilikuwa na hofu, kweli. Lakini hiyo meza niliijua.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeifuta video yangu. Haikusaidia kitu, ile ya baraza ipo palepale na watu wanazidi kushangilia.

Baba Kidoti anasema ninyamaze, hakuna anayejua, wiki ijayo watakuwa na video nyingine ya kugombania. Nikamuuliza, na fundi wiki ijayo atakuwa na kibanda kingine? Akawasha redio.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepita kwa fundi kichwa chini. Kaniita! Amemshonea Kidoti gauni la vipande vya vitambaa, mfuko mdogo mbele. "Wakinitoa wanitoe, mjukuu wangu awe amependeza." Nililitazama tu lile gauni, mikono ikakataa kulishika, akamvalisha Kidoti mwenyewe.

Halafu kasema simu yake ya vitufe haionyeshi kitu, mimi ndiye mtoto wa kisasa. Kesho atakuja nyumbani nimwonyeshe hiyo video. Hataki ugomvi. Anataka tu kujua video ilipigwa siku gani, maana meza yake haitoki. Na Jumatano tufuatane kikaoni, nimsaidie kusema.

Nikajibu ndiyo, mama. Wepesi gani huo!

Jumanne, 11 Machi

Nimeifungua kwenye ukurasa wa baraza, nijiandae. Siku zote nilikuwa naitazama sauti ikiwa chini, mtoto asiamke. Leo nimeipandisha.

Kidoti anasikika! Wazi, karibu kabisa na simu: "Bibiiii! Bibiiii!" Alikuwa anamuaga fundi. Sauti ile ya kukokota fundi anaijua kuliko baba yake. Huwa anaiigiza, wanacheka wote wawili.

Nikizima sauti, ataniambia weka sauti. Nikisema bando limeisha, atafungua fundo la nguo yake aninunulie. Bora nimwambie mimi kabla hajaona. Nimejaribu mbele ya kioo. Mama, ile meza uliitoa kwa ajili yangu. Hapo nakwama.

Na kesho niyaseme tena mbele ya baraza zima. Niseme aliyepiga ni mimi, na meza ilikuwa nje kwa sababu yangu. Labda wataifuta ile X. Labda. Rangi si inafutika?

Hodi! Ni yeye, kawahi.

Video bado iko wazi mezani. Kidoti ameshasikia hodi, anatambaa kwenda mlangoni na gauni lake jipya. Anamwita. Vilevile kama kwenye video —